Soko Tulilolichora kwa Majivu

Mliniaga na keki, kisha mkasema, "Susu," kama Wakamba tunavyowaita bibi zetu, "sasa tuandikie vile kazi ilikuwa." Keki ilikwisha siku hiyo hiyo. Kuandika kumechukua muda, kwa sababu shule niliachia darasa la nne, na mkono wangu umezoea fimbo ya kupimia kuliko kalamu. Lakini majina ya watu bado ninayo yote. Na nyinyi mnaoingia sasa katika ofisi ya mipango ya miji, na hizo ndege zenu ndogo za kupiga picha kutoka juu, labda mtapenda kujua ni nani walikuwa wanatembea chini.

Ya mshahara siandiki. Hayajazi ukurasa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Sultan Hamud. Nilikuwa nimeenda kuuza machungwa kando ya barabara kuu. Nikaona mzee amesimamisha darubini yake ya miguu mitatu na anagombana na mtu wa kumshikia fimbo, ile ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe. Mzee aliitwa Mutisya, mpima ardhi. Yule mwingine aliitwa Kimeu, na alikuwa ameegemea ile fimbo kama anangojea basi.

"Wewe mama wa machungwa," Mutisya akaniita, "njoo ushike hii."

"Na machungwa yatabaki na nani?"

"Yatabaki na Kimeu. Kushika machungwa hawezi kukosea."

Alikosea. Aliyala. Lakini tulifanya kazi pamoja na Kimeu mpaka nywele zetu zote zikawa nyeupe, na kila tukipita mahali panapouzwa machungwa namkumbusha.

Mimi niliikamata ile fimbo kwa ngumi mbili, kama mtu anayetwanga. Mutisya akatoka kwa darubini yake akaja mpaka nilipo. Hakupiga kelele. Akasema, "Shika kwa vidole viwili, huku juu, uiache ining'inie. Itatafuta wima yenyewe. Wewe kazi yako ni kutoisumbua." Nikashika hivyo, nikaona kweli fimbo inatulia. Nikapenda hiyo kazi hapo hapo, na machungwa nikayasahau.

Mengi ninayoyajua alinifundisha yeye. Cheni ya chuma ikilala juani inarefuka, kwa hiyo mpime asubuhi, na mkipima mchana msibishane na vipimo vya asubuhi. Vigingi vichongwe kwa mti wa muuku, kwa sababu mchwa wa Makueni wanakula kila kitu lakini muuku wanauheshimu. Timazi ikishatulia usiiguse hata kama nzi ametua kwa uzi. Na usisimamishe fimbo katika shamba la mtu kabla ya kumsalimia mwenyewe na kuulizia hali ya mvua. Mutisya aliweza kumaliza nusu ya asubuhi akiulizia mvua. Wakubwa walilalamika. Lakini vigingi vyake vilikuwa having'olewi, na vya wengine vilikuwa vinatembea.

Alipostaafu alirudi kwao Mbooni. Ofisini kwetu, katika mji wa Wote, akaja Musyoka, kijana wa chuo kikuu. Huyu hakuwa mpima ardhi, alikuwa mpangaji wa miji. Tofauti ni kwamba mpima anauliza shamba linaishia wapi, na mpangaji anauliza watu wataishi namna gani. Watu wa sokoni walimwita Injinia. Alijaribu kuwasahihisha mwaka wa kwanza, kisha akachoka.

Musyoka alikuwa na penseli za rangi na alizipenda sana. Siku moja tulikuwa Malili, tunakula mbaazi za kuchemsha, yeye ametandaza ramani juu ya pua ya gari. Nikamwuliza hizo rangi ni za nini.

"Susu, mji una kazi nne," akasema. "Watu walale, wafanye kazi, wapumzike, wasafiri. Kila kazi ina rangi yake na mahali pake."

"Na kula?"

"Kula kuko ndani ya kupumzika."

"Sasa anayepika yuko kwa rangi gani?"

Akacheka, akaomba chumvi. Lakini alinieleza vizuri, na mimi nitawaeleza vile nilivyoelewa. Haya mawazo yalianza Ulaya, wakati miji ilikuwa imejaa moshi wa viwanda na watu wamelundikana vyumba visivyo na dirisha, watoto wanakohoa. Wachoraji wa wakati huo wakasema, tutenganishe. Nyumba huku, viwanda kule, katikati miti na majani. Barabara iwe pana na nyoofu. Jengo lisimame juu ya nguzo, chini pabaki wazi ili hewa ipite. Marembo waliyakataa. Ukuta uwe ukuta, dirisha liwe refu, jua liingie.

Nilimwamini. Dadangu Kavata aliishi miaka mingi nyuma ya kinu cha unga, ukuta kwa ukuta, na wanawe walikuwa na kifua kila wakati. Alipohamia mbali na kile kinu, kifua kikaisha. Kwa hiyo msije mkadhani mimi nawacheka wenye kutenganisha.

Na vile alivyopenda mstari ulionyooka! Hapo hapo Malili barabara yake mpya iliangukia katikati ya kanisa dogo la mabati. Mchungaji alikuja na waumini wake, wakasimama kimya mbele ya kigingi. Sisi tukadhani barabara itapinda kidogo, maisha yaendelee. Musyoka akatazama kanisa, akatazama ramani, akasema, "Nitasogeza mji wote. Barabara sipindi." Tukang'oa kila kigingi tulichokuwa tumepiga, tukavisogeza vyote. Kimeu hakuongea na mtu mpaka jioni. Mchungaji alituombea, ingawa Kimeu alisema angependelea nyundo nyingine.

Sasa nije Kathonzweni, maana hapo ndipo nilijifunza kazi upya nikiwa tayari nimezeeka.

Soko la Kathonzweni lilikuwa lijengwe upya. Musyoka akachora jengo zuri, la ghorofa moja juu ya nguzo nene. Juu kuna stoo za nafaka na ofisi. Chini ya nguzo akaweka magari. Kuzunguka jengo akagawa uwanja kwa rangi. Mboga kijani, nafaka njano, nguo bluu. Chakula cha kupikwa rangi ya machungwa, mbali, chini kwenye mteremko, ng'ambo ya zizi la mnada wa ng'ombe.

Hakuwaweka wapishi huko kwa ubaya. Alikuwa amefikiwa na Nduku, muuza mitumba, ambaye cheche ya jiko ilikuwa imemchomea nguo zake. Nduku alikuja ofisini na ile blauzi iliyotoboka, akaining'iniza juu ya meza. Sokoni kulikuwa na mabati ya zamani, nguo, magunia na mafuta ya kukaangia, vyote vinagusana. Mtu yeyote mwenye akili angeogopa.

Jiko lenyewe lilikuwa la Mwikali. Alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe na chai, karibu na mahali magari yanaposhusha watu. Binti yake Kalunde alikuwa amefariki akamwachia watoto, na watoto hao walikula, walivaa na walisoma kwa hiyo sufuria.

Mkutano wa kuonyesha ramani ulifanyika kanisani. Musyoka aliibandika ukutani karibu na ratiba ya kwaya. Mwikali akasimama.

"Injinia, mimi niko wapi hapo?"

"Hapa, mama. Hii rangi ya machungwa."

"Na wenye njaa wako wapi?"

"Watashuka."

"Wakishuka kwa gari wanataka chai hapo walipokanyaga. Huko chini atakuja nani, ng'ombe?"

Nduku akajibu kutoka nyuma bila kusimama. "Watashuka, Mwikali. Mbona mimi nilivumilia cheche zako?"

"Nduku, hiyo blauzi utaisema mpaka lini?"

"Mpaka ipate wa kuinunua. Imetobolewa kama chujio!"

Watu wakaangua kicheko. Mwikali hakucheka. Akasema polepole, "Injinia, mimi sina shamba la maana. Nina hiyo sufuria na watoto wa Kalunde. Ukinipeleka huko umenifunga."

"Mama, ukibaki katikati ya nguo na magunia, siku moja soko lote litawaka," Musyoka akasema. "Nitawaambia nini hao watoto siku hiyo?"

Na hakuna kati yao aliyekuwa anadanganya. Mimi nilikuwa upande wa Musyoka. Nilikuwa nimeona vigingi vingi vikinyooka, mpaka nikadhani watu nao watanyooka tu.

Mwikali akasema, "Basi nionyeshe kwa ardhi. Kwa karatasi naona rangi tu."

Musyoka alifikiri kidogo. Kisha akafanya kitu ambacho nimemheshimia mpaka leo. Akasema, "Sawa. Kabla ya kumwaga zege, tutalichora soko lote chini, kwa ukubwa wake. Siku ya soko kila mtu akae mahali pake, tuone."

Ndunda, msimamizi wa mafundi, akaruka. "Na chokaa? Chokaa yangu ni ya kupaka, si ya kuchezea."

"Majivu tunayo," akasema Mwikali. "Itisha mwethya."

Kwa wale wenu mliotoka mbali, mwethya ni kikundi cha wanawake wanaoitana kufanya kazi pamoja, leo shambani kwako, kesho mtaro wangu. Una sheria zake. Aliyeita hasimami mikono mfukoni akitazama. Na lazima alishe watu.

Musyoka alikuja na viatu vya kung'aa. Akapewa karai la majivu. Akataka kumpa Kimeu, Kimeu akasema, "Mimi sikuita mtu." Basi tukafanya kazi. Mimi nilisimama na fimbo, Kimeu akavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na wanawake wakafuata kamba wakimwaga majivu wakiimba, Musyoka katikati yao ameinama, kuanzia magoti kwenda chini hana tofauti na nguruwe mwitu. Mistari ilinyooka. Niliona fahari. Mahali pa kila nguzo tukaweka jiwe. Chakula alichotulisha Musyoka kilikuwa mkate na soda, na wanawake wa Kathonzweni wamekisema mpaka leo. "Ametulisha kama watoto wa harusi."

Siku ya soko ikafika. Asubuhi ilikuwa ya kupendeza. Mboga kwa mboga, nafaka kwa nafaka, nguo kwa nguo, na njia pana katikati. Musyoka akapanda juu ya rundo la kokoto za Ndunda akatazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona mtoto wake akisimama mara ya kwanza.

Kisha jua likapanda. Mnalijua jua la Kathonzweni. Mama mmoja wa nyanya akavuta gunia lake kidogo kuelekea ukuta wa stoo ya zamani, penye kivuli. Jirani yake akavuta. Wa sukuma wiki akawafuata ili wasimpokonye wateja. Nguo zikafuata mboga. Hassan, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, akapitisha kundi lake juu ya mstari wa nafaka na mstari ukaisha. Mchana ulipogeuka na kivuli kikahamia upande wa pili wa ukuta, soko zima likanyanyuka na magunia yake likahama pia, bila mtu kuamuru mtu. Mimi nilizaliwa katika masoko kama hayo na nimeuza machungwa hivyo hivyo, lakini sikuwahi kuliona kama jambo. Ni kama kupumua.

Mpishi mmoja mmoja alikuwa amepanda kisirisiri na birika lake. Aliyebaki kule chini ni Mwikali peke yake. Nikamfuata.

"Mwikali, panda. Wenzako wamepanda."

"Sipandi."

"Chakula kitaharibika."

"Kiharibike. Injinia alisema kila mtu akae kwa rangi yake. Nimekaa. Akitaka kuona, aone sufuria ikiwa imejaa."

Nikafunua kifuniko. Ilikuwa imejaa mpaka juu, muthokoi umeanza kukauka. Nilijua hicho ndicho chakula cha jioni cha watoto wa Kalunde, na cha kesho, na hakuna sabuni wala daftari litakalotoka humo. Alikuwa ameiweka siku yake nzima hapo ili mtu mwingine aione.

Nikapanda kumwita Musyoka. Nilimkuta ameketi juu ya kokoto, viatu vimejaa majivu, anatazama yale mawe tuliyoweka badala ya nguzo. Akaniambia bila kugeuka, "Susu, kivuli kikubwa kuliko vyote katika hili soko kitakuwa kile cha chini ya jengo. Na mimi nimewapa magari."

Alikuwa anaongea na nafsi yake.

Ndunda akaja akipangusa kofia. "Injinia, majivu yako yamenimaliza. Tangu asubuhi yananijia tu, na mahema yangu yako kule." Akaonyesha upande wa magharibi. Na kweli, tulipotazama, chini kulikuwa na wingu jembamba linaelekea kule kule, na mahema ya mafundi yalikuwa meupe upande mmoja tu. Musyoka akasimama.

"Upepo hapa ni huu siku zote?"

"Siku zote unanitafuta mimi," akasema Ndunda.

Tukashuka wote watatu kwa Mwikali. Musyoka akafunua sufuria mwenyewe, akaifunika. Akaketi chini.

"Mama, nipakulie."

"Umepotea njia, Injinia? Huku ni mbali."

"Nimeona ni mbali."

Akala. Alipomaliza akachukua kijiti akachora vumbini. Jengo, nguzo, upepo. Akasema magari yatoke nje juani, barabara yake pana inayatosha, na gari halipati kichwa kuuma. Mboga na nguo ziingie chini ya nguzo. Wapishi wakae ncha ya magharibi, chini ya paa hilo hilo, hatua chache kutoka mahali watu wanaposhuka, ili upepo uutoe moshi nje badala ya kuupitisha kwa nguo. Kati yao na Nduku ukuta wa matofali. Na kila jiko liwe na dohani, bomba la kupeleka moshi juu.

"Na mawe yangu matatu?" Mwikali akauliza.

"Hapana, mama. Mawe matatu hayaingii."

"Aiya! Hayo ni ya mamangu."

"Mama, hapo siwezi kusogea. Cheche ni cheche. Na hata haya mengine si mimi naamua, lazima nikawaombe wakubwa kule Wote. Sikuahidi."

Mwikali akaichukua sahani. "Kawaombe," akasema. "Na uwaambie umekula."

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Lori za kokoto zilikuja. Ndunda alianza na nguzo, kwa sababu, alisema, nguzo ni nguzo, zikae juu ya magari au juu ya nyanya. Sakafu aliichelewesha kwa visingizio ambavyo mimi sijawahi kusikia kwa fundi, na nimesikia vingi. Kila nilipofika Kathonzweni, Mwikali hakuniuliza kitu. Alinipa chai, akanitazama usoni, akaona hakuna habari, akarudi kwa sufuria yake. Ofisini Musyoka aliingia kwa wakubwa na ramani na kutoka na ramani. Mmoja alimwambia anaharibu mchoro safi. Akajibu kwamba mchoro bado ni ule ule, nguzo zile zile, hewa ile ile, amebadilisha tu nani asimame kivulini. Siku waliyokubali alitoka akaniita kwenye korido, "Susu, chukua tepu!" na mimi nikachukua na fimbo pia.

Nyinyi mnaobaki, nimeona mnazo mashine zinazoonyesha jengo likizunguka kwa kioo. Ni nzuri, zitumieni. Mistari minyoofu pia ipendeni, mimi nimeishika maisha yangu yote na imesaidia watu wengi, gari la wagonjwa linapita leo Malili bila kusimama. Lakini kabla zege haijamwagwa, kuna siku moja ya kuwaacha watu watembee juu ya mchoro wenu na mbuzi wao. Msiikose hiyo siku, hata kama itawachafua viatu.

Soko lilipofunguliwa, watu wa maana walikata utepe wakaenda. Wenye soko wakabaki. Chini ya nguzo palikuwa na ubaridi mzuri, mboga zimetandazwa, watoto wanakimbizana kuzunguka nguzo. Mwikali alikuwa amewekewa jiko la matofali na dohani yake. Alikuwa amelinung'unikia tangu asubuhi, ati halina sauti, ati huwezi kuona moto. Alipotia kiberiti, watu wakasogea karibu. Ndunda akavua kofia. Nduku akatoka kibandani kwake na blauzi mbili mkononi, akasimama mwisho wa ukuta, macho kwa bomba.

Moshi ukatoka juu, ukasitasita kidogo kama mgeni mlangoni, kisha ukaelekea magharibi.

Nduku akazinusa blauzi zake, moja, halafu ya pili. Akazitungika.

"Mwikali," akaita, "hiyo muthokoi inaiva saa ngapi?"

"Wewe nawe ungoje kama wengine," akasema Mwikali. "Na uje na sahani yako. Zangu zitakwisha."

Na zilikwisha, hata viti. Nilikula nimesimama.